Kompyuta ya Wote, Jina la Kila Mmoja

Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya wafugaji wa maziwa kutoka Molo, Njoro na Elburgon. Tumeiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa vikundi vingine vitakavyopenda kuijadili.



Tunajua kuna ng'ombe wa kukamuliwa jioni, kwa hiyo hatutawaweka sana. Mlituomba tuzungumze juu ya usalama wa kompyuta katika kiwanda cha kikundi. Pengine wengine wenu mlidhani tutakuja na fundi kutoka Nakuru mjini mwenye maneno magumu. Hapana. Sisi ni wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na kazi yetu ni watu. Lakini tumejifunza, tena kwa uchungu, kwamba ile kompyuta iliyo pale penye mizani ni jambo la watu kabla haijawa jambo la fundi.

Tutafuata njia yetu ya siku zote tunayoitumia katika jumuiya ndogo ndogo: kwanza tuone, pili tupime, tatu tutende.

TUONE

Vikundi vingi vya huku kwetu vilianza na debe na kitabu. Mama analeta maziwa barabarani, karani anapima, anaandika kwa kitabu, halafu anaandika kwa kadi ya mama. Basi. Leo vikundi vimeungana na vina kiwanda kidogo. Kuna mizani ya umeme, kuna tangi la kupoza maziwa mpaka nyuzi 4, na wengine wana mashine ya kufunga mtindi. Na kando ya mizani kuna meza, na juu ya meza kuna kompyuta moja.

Hiyo kompyuta si kama ile ya ofisini ambayo mtu mmoja anaifungia mlango akienda nyumbani. Inaguswa na karani wa asubuhi, karani wa jioni, anayepima ubora wa maziwa, msimamizi, na mhasibu anayekuja mwisho wa mwezi. Iko mahali penye maji sakafuni, mvuke, kelele na mikono yenye maziwa. Watu wako kwa foleni na kila mmoja ana haraka. Na mambo haya si ya maziwa pekee. Ndugu zetu wanaofanya kazi katika mabanda ya kufungia maua kule Naivasha, katika viwanda vya majani chai vya Kericho, na katika vinu vya unga hapa Nakuru, wote wanajua mashine moja inayoguswa na mikono mingi.

Kwa nini tuihangaikie? Kwa sababu ndani yake ndimo mlimo jasho la mkulima. Wazee mlio hapa mnakumbuka. KCC ilianzishwa mwaka 1925, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mlango wa maziwa yetu. Soko lilifunguliwa mwaka 1992, na kabla ya miaka ile ya tisini kwisha KCC ya zamani ilikuwa imelemewa na madeni, wakulima wanangoja malipo ambayo hayaji. Mwaka 2003 ikafufuliwa, ikaitwa New KCC. Mkulima wa huku akiuliza, "Kilo zangu ziko wapi?" msimkasirikie. Ana sababu ya kuuliza.

Sasa tuwasimulie jambo tuliloliona wenyewe. Kiwanda hatutakitaja wala kijiji, maana watu wake ni majirani zetu na jeraha halijapona vizuri.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha maziwa cha vikundi vilivyoungana, kama vyenu. Kompyuta yao ilikuwa ya msaada, ya mtumba, lakini ilifanya kazi vizuri. Na sisi tulikuwa na mkono wetu pale. Sisi ndio tuliowafundisha makarani kuitumia. Siku ya mafunzo jua lilikuwa limekwenda, mvua inakaribia, gari linatusubiri. Badala ya kumfungulia kila karani nafasi yake mwenyewe ndani ya kompyuta, tulifungua moja tu tukaipa jina "karani". Neno la siri, au paswodi kama vijana wanavyosema, tuliliandika ubaoni: "maziwa". Tukasema, "Mtabadilisha baadaye." Hawakubadilisha. Nasi hatukurudi kuuliza.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi, siku ya malipo, akina mama kadhaa walifika kiwandani na kadi zao mkononi. Kadi ya nyumbani inasema kilo 212, karatasi ya malipo inasema kilo 168. Mwingine hivyo hivyo. Tena palikuwa na wanachama wawili watatu ambao kilo zao zilikuwa zimepanda kuliko ng'ombe wao wanavyoweza kutoa. Maneno yakaanza.

Karani wa asubuhi alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili. Kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mbele ya mashine saa nyingi, na kwa sababu kila badiliko ndani ya mashine lilikuwa na jina "karani", kamati ilimsimamisha kazi siku ile ile. Alilia, akasema hakufanya. Kamati ikamjibu: mashine inasema ni karani, na karani ni wewe.

Kabla ya siku mbili neno lilikuwa limetoka kiwandani likafika dukani, likafika kwa vijana wa bodaboda, na huko likavaa nguo nyingine. Sasa halikuwa tena "yule karani". Likawa "watu wake". Ninyi mnajua tunasema nini. Eneo letu hili liliona moto mwaka 1992, likaona tena mwaka 1998, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tunashukuru wazee wa pande zote mbili. Walikutana usiku ule ule wakayazima maneno kabla hayajawa kitu kingine. Asubuhi yake tukaitwa sisi kupatanisha.

Tuliketi na kamati na mhasibu tukauliza swali moja: ni nani anayejua neno la siri? Karani wa asubuhi anajua. Wa jioni anajua. Msimamizi anajua, mwenyekiti anajua. Kijana anayefagia anajua, maana huja kuchaji simu pale. Dereva wa lori la maziwa naye anajua, kwa sababu huingia kusikiliza nyimbo akingoja tangi lijazwe. Hata wateja walijua, kwa maana lilikuwa limeandikwa juu ya kipande cha katoni kilichobandikwa ukutani.

Tukasema basi, tuangalie saa. Mabadiliko yalifanywa saa ngapi? Kama ni jioni, karani wa asubuhi yuko nyumbani. Tukaangalia. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa imeharibika tangu umeme ulipokatika, na hakuna aliyeirekebisha. Ilisema ni mwaka 2009, usiku wa manane.

Akina mama wale walilipwa haki yao kutoka akiba ya kikundi, kwa sababu kadi zao za karatasi ziliwatetea. Lakini karani hakuwa na kadi ya kumtetea. Hatukuweza kusema amefanya. Hatukuweza kusema hakufanya. Kamati ilimwomba msamaha na kumwita arudi. Alikataa. Alituambia, "Wakisema ni mimi, sina cha kuwaonyesha. Wakisema si mimi, hao pia hawana cha kuonyesha. Nitakaaje pale?" Siku hizi anauza mboga sokoni. Na aliyebadilisha zile kilo hajulikani mpaka leo. Huenda bado anapima maziwa pale.

TUPIME

Wapendwa, tulipotoka pale tulinyamaza njia nzima. Tulijua kosa lilianzia kwetu, siku ile ya ubao na mvua.

Jambo tulilolielewa ni hili. Watu wengi hudhani neno la siri ni la kumzuia mwizi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kumtetea mtu mwaminifu. Neno la siri linalojulikana na watu wote halimzuii mwizi, na mwaminifu linamvua nguo mbele ya watu.

Wala tusidhani ni ujinga wa watu wa mashambani. Neno la siri la kompyuta lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya mashine ya kushirikiana. Mapema katika miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, kompyuta zilikuwa ghali sana, na mtaalamu mmoja, Fernando Corbató, pamoja na wenzake walitengeneza njia ya watu wengi kutumia mashine moja. Ili kila mtu awe na faili zake na saa zake, wakampa kila mmoja neno lake la siri. Na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka saa zaidi ya zile alizopewa. Akaiagiza mashine ichape orodha yote ya maneno ya siri, ikachapa, akawa anatumia saa za wenzake. Alikiri miaka mingi baadaye. Mnaona? Hata wasomi wa chuo kikubwa walivutana juu ya mashine moja, kama sisi tunavyovutana juu ya bomba moja la maji.

Sheria ya nchi yetu nayo inasema. Mwaka 2018 Kenya ilipata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Mtu anayevunja ulinzi wa kompyuta ili aingie mahali asiporuhusiwa, akijua haruhusiwi, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hata kumpa mtu mwingine neno la siri kwa kujua na bila ruhusa ni kosa, na adhabu yake ni hiyo hiyo. Lakini sikilizeni vizuri: sheria inasema juu ya mtu aliyevunja ulinzi. Sasa kama neno la siri liko ukutani juu ya katoni, ulinzi uliovunjwa uko wapi? Aliyeacha mlango wazi na ufunguo juu ya meza, atapata taabu sana kueleza kesi yake.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ndani ya ile kompyuta hamna kilo tu. Mna majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu, na mkopo wa kila mtu. Hizo ni habari za watu, na kikundi ni mwangalizi wake. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, sheria inataka Kamishna wa Data apewe taarifa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Matapeli wa simu wanatafuta hasa orodha kama hizo, zenye jina, nambari ya simu na tarehe ya malipo.

TUTENDE

Sasa tufike kwa kazi. Tutataja mambo 7. Mengi hayahitaji fedha, yanahitaji nidhamu.

1. Kila mtu na jina lake. Ndani ya kompyuta fungueni nafasi ya kila anayeruhusiwa, kwa jina lake, na neno lake la siri. Funguo za msimamizi, zile za kuweka programu mpya na kubadilisha mambo makubwa, ziwe kwa watu wawili tu, nao wasizitumie kwa kazi ya kila siku.

Hapa tunajua mtatuuliza swali, kwa maana tumeulizwa kila mahali: "Saa kumi na mbili asubuhi kuna watu hamsini kwa foleni, na maziwa hayangoji. Tutafunga na kufungua mashine mara ngapi?" Ni swali la haki. Kanuni inayochelewesha kazi itavunjwa kabla ya Jumatano, na itavunjwa na watu wazuri. Kwa hiyo fikirini nyumba yenye milango miwili. Mlango wa nje ni kompyuta yenyewe, ambayo inaweza kubaki wazi kwa programu ya mizani peke yake, pasipo kitu kingine chochote. Mlango wa ndani ni programu ya mizani: karani anayeingia zamu anaandika nambari yake ya siri, sekunde chache tu, na kuanzia hapo kila kilo inabeba jina lake. Zamu ikiisha anatoka, mwenzake anaingia. Mwambieni fundi aliyewauzia programu awatengenezee hivyo. Akisema haiwezekani, tafuteni fundi mwingine.

Na karani akiondoka kidogo, hata kwenda msalani, afunge kioo. Ni kubonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L. Mfundisheni siku ya kwanza.

2. Neno la siri liwe refu na la kukumbukwa. Zamani tuliambiwa tuchanganye alama na nambari na kubadilisha kila mwezi. Watu wakachoka wakaandika ukutani. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha ushauri huo: afadhali neno refu, hata maneno manne matano pamoja, na kulibadilisha kukiwa na sababu, kwa mfano mkishuku limejulikana. Maneno manne ya lugha ya nyumbani ambayo hayana uhusiano, mtu anayashika kichwani. Lisiwe "maziwa", wala jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa.

3. Hakuna kufuta. Wenye kutunza vitabu vya kikundi mnajua kanuni ya zamani: mweka hazina akikosea, hafuti kwa kifutio. Anapiga mstari mmoja, kosa linabaki kuonekana, anaandika sahihi yake kando. Kompyuta iwe vivyo hivyo. Kubadilisha kilo za jana kuhitaji watu wawili, mmoja anaomba na mwingine anakubali, na sababu iandikwe. Na saa ya kompyuta iangaliwe kila Jumatatu. Saa mbaya inaharibu ushahidi wote, kama mlivyosikia.

4. Karatasi isitupwe. Kuna viongozi wanaosema tukipata kompyuta tuache kadi. Tafadhali msikubali. Mwezi Machi 2019 kampuni kubwa ya alumini ya Norwei, Hydro, yenye wafanyakazi kama 35,000, ilivamiwa na wahalifu waliofunga faili zake na kudai fedha. Kampuni ilikataa kulipa. Viwanda vyake vikarudi kwa karatasi na kazi ya mikono, na wale wafanyakazi wa zamani waliojua kazi bila kompyuta wakawa ndio nguzo. Kama Hydro ilihitaji karatasi, sisi je? Mkulima abaki na kadi yake, iandikwe mbele yake, na orodha ya kilo za kila siku ibandikwe mahali wanachama wanaona. Tumieni nambari za uanachama badala ya majina, ili biashara ya mtu isiwe hadithi ya barabarani. Macho ya wanachama ndiyo mlinzi wa kwanza, na halipwi mshahara.

5. Nakala ya akiba. Kila jioni nakala moja ya hesabu iwekwe kwenye flashi ya kikundi, ichomolewe, ifungiwe katika sanduku la mweka hazina. Kila wiki nakala nyingine iende mbali na kiwanda, kwa mfano ofisi ya parokia au benki, ili moto au mwizi asichukue zote. Ikiachwa imechomekwa mashinani, virusi vitaila pamoja na mashine. Na flashi hizo ziwekewe neno la siri, kwa sababu ndani yake mna habari za watu. Mara moja kwa mwezi jaribuni kuifungua katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa ni kama mbegu ambayo haijapandwa, hujui kama imekufa.

6. Kompyuta ya mizani ni ya mizani. Si ya nyimbo, si ya filamu, si ya kuchaji simu. Flashi ya mtu binafsi isiingie kabisa. Mwezi Agosti 2018 huko Taiwan, kampuni ya TSMC, ambayo hutengeneza vipande vya ndani vya kompyuta za dunia nzima, iliunganisha mashine mpya kabla ya kuikagua. Virusi vikaingia na viwanda kadhaa vikasimama. Kama mashine ya kiwanda kama kile inahitaji kukaguliwa, sembuse flashi ya dereva wetu? Mwulizeni fundi pia kama programu kuu ya mashine yenu bado inatunzwa. Kompyuta nyingi za msaada zina Windows 10, na Microsoft ilikoma kuipa matunzo ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti ovyo.

Na mwili wake pia ulindwe. Wengi husema jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na kompyuta zetu zinakubali. Iwekeni ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa, juu ya maji ya kuoshea sakafu, imefungwa kwa mnyororo, kibodi imefunikwa plastiki. Kioo kisitazame barabara. Tafuteni betri ya akiba ya kuishikilia dakika chache umeme ukipotea, ili karani aweke kazi na kuzima vizuri. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Umeme utapotea tena.

7. Anayeondoka, aondoke kabisa. Karani akiacha kazi, au muda wa mwenyekiti ukiisha, nafasi yake ndani ya kompyuta ifungwe siku hiyo hiyo, mbele yake, kwa heshima. Si kwa sababu anashukiwa. Ni kwa sababu kikitokea kitu kesho, aweze kusema, "Mimi sikuwepo," na mashine imkubalie. Waelezeni hivyo, na hakuna atakayekasirika.

NENO LA KUMALIZIA

Katika kikundi kimoja, mzee mmoja alisimama akatuambia: "Ninyi mnaleta ukali. Sisi hapa tunaaminiana, tumesali pamoja, hatuwezi kuwekeana nambari kama wafungwa." Tulimheshimu, kwa maana alisema kwa upendo wa kikundi chake. Tukamjibu hivi: Mzee wetu, hata sadaka ya Jumapili huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja. Si kwamba wanashukiwa. Ni ili yeyote kati yao asije akashukiwa. Uaminifu ni kama ng'ombe wa maziwa: kumpenda pekee hakutoshi, lazima pia afungiwe boma.

Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama kanuni hiyo itamhusu na mwenyekiti. Tukasema ndiyo, mwenyekiti wa kwanza. Akacheka, akasema basi iandikwe.

Nanyi mkirudi nyumbani, msianze kwa kununua kitu. Anzeni kwa kubandua ile karatasi ya ukutani. Halafu mketi na makarani wenu, wengi wao ni binti zetu na vijana wetu, muwaulize kazi inavyokwenda na wanaogopa nini. Wao ndio wanaojua mashine inapoumia. Mkiwawekea kanuni bila kuwasikiliza, watazikwepa. Mkiwasikiliza, watazilinda, kwa kuwa zinawalinda wao.

Sisi tulirudi kwa yule mama wa mboga. Tulimwambia kwamba siku ile ya ubao tulikosa sisi. Alitusikiliza, akatufungia sukuma na vitunguu, akakataa pesa zetu. Hakusema ametusamehe wala hakusema hajatusamehe. Tangu hapo hatufundishi kompyuta mahali popote mpaka kila aliyekaa kwenye benchi awe na jina lake ndani ya mashine, hata kama mvua inakuja.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni watu wangapi wanaojua neno la siri la kompyuta au la simu ya kikundi? Ni wangapi wanaopaswa kulijua?

2. Kilo au fedha za mwanachama zikibadilishwa leo, tunaweza kuonyesha ni nani aliyebadilisha, saa ngapi, na kwa nini?

3. Kama karani wetu angetuhumiwa kesho, ana nini cha kumtetea?

4. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu iko wapi, na ni nani aliyeijaribu?

5. Neno baya likitoka kiwandani kwenda barabarani, ni nani katika kijiji chetu atakayelizima kabla halijavaa kabila?

6. Kati ya yale mambo 7, ni lipi tunaloweza kulianza wiki hii bila shilingi hata moja? Mwandikeni mtu wa kulisimamia na siku ya kuleta taarifa.